Kabati la Kuiga na Heshima ya Fundi

Miongoni mwa maswali yanayowasumbua walimu na wanafunzi kila inapotajwa habari ya utamaduni wa taifa, liko moja ambalo aghalabu hujibiwa kwa haraka mno. Swali lenyewe ni hili: je, kuiga ni aibu? Mmoja atajibu kuwa mwacha asili ni mtumwa, na kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Mwingine atajibu kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, na kwamba elimu haina mwisho. Methali zinapogongana hivi, si kwamba wahenga walijikanganya. Jambo lenyewe lina pande mbili, na ni wajibu wetu kuzitazama zote kabla ya kutoa hukumu.

Ili tusizungumze hewani, natuchukue kitu kimoja tukitazame kwa makini. Kitu hicho ni kabati. Tumfikirie fundi kijana wa Mollo, katika uwanda wa juu wa Ufipa, si mbali na mji wa Sumbawanga. Ameletewa picha na mteja anayetaka kabati la vyombo kwa ajili ya sebule yake. Kabati la pichani lina miguu iliyopinda kama ya mnyama, milango iliyotokeza mbele kama tumbo, na juu yake taji la maua ya kuchonga. Mteja hajui jina la mtindo huo, na fundi pia hajui. Wote wawili wanasema tu kuwa ni kabati la kizungu. Kwa hakika ni mtindo wa Ufaransa, wa enzi ya mfalme Louis XV aliyefariki mwaka 1774. Fundi anaitazama picha, anakubali malipo ya awali, kisha anatwaa msumeno. Je, kijana huyu anafanya kazi ya ufundi, au anafanya kazi ya utumwa?

Kabla ya kumhukumu, hatuna budi kuuliza habari za waliolitengeneza kabati hilo kwanza. Hapo ndipo jambo la ajabu linapojitokeza. Sehemu kubwa ya makabati ya mtindo wa wafalme wa Ufaransa yaliyoenea duniani hayakutengenezwa katika enzi ya wafalme hao. Yalitengenezwa miaka mia moja na zaidi baadaye, katika karne ya 19, hasa tangu utawala wa Napoleon III, aliyekuwa mfalme mkuu wa Ufaransa kuanzia mwaka 1852 hadi 1870. Matajiri wapya wa viwanda na benki walitamani nyumba zao zifanane na majumba ya wafalme wa kale, na mke wa Napoleon III, Eugénie, aliipenda mno mitindo ya zama za malkia Marie-Antoinette. Basi mafundi wa Paris, hasa wa mtaa wa Faubourg Saint-Antoine, wakaitwa kuiga kazi za babu zao. Maana yake ni kwamba kabati analoliiga kijana wetu wa Mollo lenyewe ni la kuiga. Wafaransa nao walikuwa wakiiga, ila wao walijiiga wenyewe.

Tena hata hao babu hawakuwa wote wazaliwa wa Ufaransa. Dawati mashuhuri kuliko yote katika historia ya samani ya Kifaransa, lile la mfalme Louis XV, lilianzwa mwaka 1760 na fundi aliyeitwa Jean-François Oeben. Oeben alipofariki mwaka 1763, kazi ikaendelezwa na mwanafunzi wake Jean-Henri Riesener, ambaye aliikamilisha mwaka 1769. Wote wawili walizaliwa katika nchi za Wajerumani. Vilevile François Linke, mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa ule wakati wa kuiga, alizaliwa mwaka 1855 huko Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Hata neno la Kifaransa la kumwita fundi wa makabati limetokana na jina la mti wa nchi za mbali, ule mti mweusi mgumu ulioletwa kwa merikebu kutoka nchi za joto. Magamba ya kasa waliyoyapachika mafundi wa shule ya André-Charles Boulle juu ya milango ya makabati yao yalitoka katika bahari za joto pia. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa kabati lile ni la Kifaransa halisi, muulize: ni kipi ndani yake kilicho cha Kifaransa? Mti ni wa ugenini, magamba ni ya ugenini, na mara nyingi mikono nayo ilitoka ugenini. Kilichokuwa cha Kifaransa ni utaratibu wa kazi: namna ya kufundisha, namna ya kukagua, na namna ya kumwajibisha fundi kwa jina lake.

Utaratibu huo unastahili kuelezwa. Tangu katikati ya karne ya 18 chama cha mafundi wa Paris kiliwataka mabingwa wake wagonge mhuri wa jina lao juu ya kila samani waliyoitengeneza. Wakaguzi walipita katika karakana, na kazi mbovu ilikataliwa. Baada ya mapinduzi, vyama hivyo vilifutwa mwaka 1791, na sharti la mhuri likafa pamoja navyo. Karne ya 19 ilipofika, waigaji wakagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la akina Henry Dasson na Linke. Hawa waliiga kazi za kale waziwazi, wakaandika majina yao wenyewe juu ya kazi hizo. Mnunuzi alijua anachonunua. Kundi la pili ni la wale waliotengeneza samani mpya, au kuunganisha vipande vya zamani na vipya, kisha wakagonga mihuri ya uwongo ya mafundi waliokwisha kufa, ili mnunuzi adhani anapata kitu cha kale. Makabati ya makundi haya mawili yaweza kufanana kama pacha. Lakini moja ni kazi ya ustadi, na la pili ni wizi. Tofauti yao haiko katika umbo. Iko katika ukweli.

Hapa tumepata kipimo cha kwanza. Kosa la mwigaji si kuiga, ni kuficha kuwa ameiga.

Kipimo cha pili tutakipata tukilifungua kabati na kutazama ndani. Linke aliyaiga makabati ya kale kwa miaka mingi, na kwa kuyaiga alijifunza kila siri iliyomo: jinsi ya kupinda ubao, jinsi ya kubandika juu yake ubao mwembamba mithili ya karatasi, jinsi droo inavyoingia bila kukwama ingawa uso wake umetokeza kama tumbo. Alipofika kwenye maonyesho makuu ya Paris mwaka 1900, hakuleta nakala tupu. Alileta samani zilizokuwa na asili katika mtindo wa Louis XV lakini zenye umbo jipya ambalo mfalme huyo hakupata kuliona, naye akatunukiwa medali ya dhahabu. Huyu aliiga mpaka akazaa. Kinyume chake ni yule anayeiga uso peke yake. Nje kuna maua na rangi ya dhahabu, ndani kuna mbao mbichi na misumari iliyopinda. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini tusije tukawasifu mafundi wa Paris tukawasahau waliolipa gharama. Mapambo ya shaba ya makabati yale yalipakwa dhahabu kwa njia ya zebaki: dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya shaba, kisha ikachomwa mpaka zebaki ikageuka kuwa mvuke. Mvuke huo uliwaharibu mafundi mishipa na mapafu, na wengi walikufa mapema. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa nchi yetu wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu waujue ukoo wa hatari hiyo. Isitoshe, mtaa uleule wa Faubourg Saint-Antoine uliojaza majumba ya matajiri ulikuwa mtaa wa watu wenye njaa. Miongoni mwa walioivamia ngome ya Bastille mwaka 1789 walikuwamo maseremala na mafundi wa makabati wengi, na mwezi Juni 1848 mtaa huo ukawa ngome ya wafanyakazi walioasi. Aliyelichonga kabati hakuweza kuliweka nyumbani kwake. Basi kipimo cha tatu ni haki ya mkono uliofanya kazi.

Sasa natugeuze uso tuitazame Ufipa yenyewe, maana haitupasi kupima ya wenzetu tu. Katika miaka ileile ambayo karakana za Paris zilikuwa zikiiga mitindo ya wafalme, Wafaransa wa aina nyingine walikuwa njiani kuja kwetu. Shirika la Mapadri Weupe, lililoanzishwa mwaka 1868 huko Algiers na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, lilipokea kituo cha Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Kutoka huko misheni ikapanda mpaka uwanda wa Ufipa. Wageni hawa walikuja na msumeno, randa na patasi, pamoja na namna yao ya kujenga na kuunda samani. Lakini hawakuingia katika nchi isiyokuwa na mafundi. Walikuta watu waliofua chuma kwa ustadi uliowashangaza. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza misheni hiyo kuanzia mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, aliandika kitabu juu ya nchi za ukingo wa Tanganyika kilichochapishwa mwaka 1913. Mwaka uliofuata mwenzake, Padri Wyckaert, aliandika makala juu ya wahunzi wa huku, akiwatofautisha waliofuata dini ya jadi na wale waliokwisha kuwa Wakristo.

Mafipa walijenga tanuri la udongo liitwalo ilungu, lenye urefu wa mita tatu hivi, kupita kimo cha mtu. Ndani yake yalipangwa makaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Chini kulikuwa na matundu na mirija ya udongo, na hewa ilijivuta yenyewe kupitia humo, bila mivukuto, kwa sababu ya urefu wa tanuri. Moto uliwaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado na takataka nyingi, kwa hiyo kiliingizwa katika tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivukuto. Ndipo mhunzi alipokifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi hii ilikuwa na miiko yake. Lilikuwapo kapu la dawa lililoitwa intangala, na wenye kuyeyusha chuma walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Mtu asiyeelewa ataona ushirikina mtupu. Mwenye kutafakari ataona kuwa miiko hiyo ilifanya kazi iliyofanywa na mhuri na wakaguzi wa Paris: ilimlinda mwanafunzi asikimbilie siri kabla ya wakati wake, ikamfunga fundi asifanye kazi kwa uzembe, na ikaifanya jamii nzima iwe shahidi wa ubora.

Je, ilungu lilikuwa mali ya Wafipa pekee, lisiloigwa kwa yeyote? La hasha. Matanuri marefu ya namna hiyo yalijulikana pia katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda, aliyechunguza mabaki ya ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa Tanzania, ameonyesha kuwa huko kulikuwa na aina mbalimbali za matanuri, wala si aina moja isiyobadilika. Yaani hata kile tukiitacho asili kina historia yake. Kilipokelewa, kikabadilishwa, kikapokezwa. Kila ilungu lililojengwa lilikuwa nakala ya ilungu lililotangulia. Kijana alimwiga baba, na baba alikuwa amemwiga babu, na kwa njia hiyo ujuzi ukaishi.

Kisha wakaacha kuiga. Majembe ya viwandani yaliyoletwa kutoka ng'ambo yaliuzwa kwa bei nafuu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mioto ya malungu ikazimika. Baadhi ya matanuri yangali yamesimama uwandani, yamepasuka, yakizungukwa na nyasi. Umbo lake laweza kupigwa picha na kuchorwa katika vitabu vya shule. Lakini umbo si ujuzi. Anayeliona ilungu leo anaona uso wa kazi, wala haoni kazi. Hili ndilo linalopaswa kututisha zaidi ya kabati la miguu iliyopinda. Utamaduni haufi kwa sababu watu wanaiga. Hufa siku ambayo hakuna tena anayeiga.

Pwani yetu inatoa ushahidi wa upande wa pili. Viti vya enzi vya Lamu na miji mingine ya Waswahili, vyenye njumu za pembe, vina dalili za mitindo ya ng'ambo ya bahari. Masanduku yanayojulikana duniani kwa jina la Zanzibar, yenye kupambwa kwa shaba, mengi yalitoka India kabla mafundi wa visiwani hawajayaunda wao wenyewe. Milango ya Unguja ina maua ya Kihindi na maandishi ya Kiarabu. Hata lugha yetu inakiri deni lake: meza ni neno la Kireno, sanduku ni la Kiarabu, na kabati limetokana na Kiingereza. Hata hivyo, ni nani atakayethubutu kusema kuwa mlango wa Unguja si wetu? Umekuwa wetu kwa sababu mafundi wetu waliijifunza kazi yake kwa undani, wakaifanya kwa mikono yao, wakairithisha kwa wanafunzi wao.

Turudi basi kwa kijana wa Mollo. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Miti mikubwa si mingi, na ndiyo maana wakulima wa huku walijifunza zamani kufukia nyasi katika matuta zioze ziwe mbolea, badala ya kutegemea majivu ya miti iliyochomwa. Mbao nzuri za mninga na mkurungu hutoka katika misitu ya miombo iliyo nje ya uwanda. Mkurungu huo una kisa chake. Katika miaka ya karibuni umekatwa kwa wingi katika nchi kadhaa za ukanda wetu na kusafirishwa hadi China, ambako mbao nyekundu za namna hiyo hutumika kuunda samani za kuiga mitindo ya kale ya nasaba za Ming na Qing. Mwaka 2019 mataifa yaliuingiza mti huo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kumbe si Wafaransa peke yao wanaoiga ya kale! Na katika biashara hiyo sisi tumekuwa watoa magogo: mti ni wetu, ujuzi ni wa wengine, na faida hufuata ujuzi.

Kwa hiyo aibu ya kijana wetu haitakuwa katika kuchonga miguu ya Kifaransa. Itakuwa aibu iwapo ataunda kabati kwa mbao mbichi, kwa haraka, akijua kuwa upepo mkavu wa Juni na Julai utazikausha mpaka zipasuke. Itakuwa aibu iwapo atapaka rangi ubao hafifu ili ufanane na mninga, akamwambia mteja kuwa ni mninga. Lakini akizikausha mbao zake kwa subira. Akiuacha ubao wa katikati ya mlango bila gundi ndani ya mfuo wake, upate nafasi ya kutanuka na kunywea. Akizikata pembe za droo zishikane kama mkia wa njiwa, hata pale ambapo jicho la mteja halitafika. Huyo ameirithi kazi, wala hakurithi sura peke yake. Siku moja mkono wake utachoka na maua ya Paris, utatafuta umbo lake wenyewe. Na utalipata, kwa kuwa una uwezo wa kulitenda.

Yupo atakayepinga kwa kusema: maneno haya ni mepesi kwa mwenye kushiba. Mteja wa Mollo ameuza magunia machache ya mahindi. Hana fedha ya mninga uliokaushwa miezi mingi. Anataka kitu kinachopendeza kwa bei anayoimudu. Je, fundi amfukuze, watoto wake walale njaa? Pingamizi hili ni zito, na halijibiwi kwa methali. Ninaloweza kusema ni kwamba umaskini hautulazimishi kusema uwongo. Fundi anaweza kumwambia mteja: kwa fedha hii nitakuundia kabati dogo, la mbao za kawaida, lisilo na maua, nalo litakaa miaka ishirini, au nitakuundia kubwa lenye maua, lakini nakuonya kuwa litalegea kabla mwanao wa kwanza hajamaliza shule. Kisha mteja achague. Kabati la bei nafuu si dhambi. Dhambi ni kumnyima mtu maskini ukweli kwa sababu ni maskini. Na mteja naye ana deni lake: anayetaka kazi ya miezi mitatu kwa malipo ya wiki moja anamfundisha fundi kudanganya, kisha analalamika kuwa amedanganywa.

Mwalimu Nyerere, alipoanzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, alisikitika kwamba tulifundishwa kuzidharau ngoma zetu. Lakini papo hapo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa lililopotewa na akili. Wengi wetu hukumbuka nusu ya kwanza ya neno lake na kuisahau ya pili. Mwaka 1967 akatuletea mpango wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kazi ya mikono iheshimiwe darasani sawa na kazi ya kitabu. Swali la kabati linaunganisha mafundisho hayo mawili. Mwanafunzi anayenakili insha ya mwenzake, akaandika jina lake juu, hana tofauti na aliyegonga mhuri wa marehemu juu ya kabati jipya. Mwanafunzi anayeinakili hesabu ya mwalimu hatua kwa hatua mpaka aelewe kwa nini kila hatua imefuata iliyotangulia, huyo anafanya alichofanya Riesener katika karakana ya Oeben, na alichofanya kijana wa Kifipa kando ya ilungu la baba yake.

Walimu wa ufundi nao watafakari. Katika nchi hii wangali wapo wazee wanaojua jinsi ya kuchagua mti kwa kuugonga kwa kisu, jinsi ya kuunoa ulimi wa tezo, jinsi ya kulainisha ubao kwa majani ya msasa, ambayo ndiyo yaliyoipa jina ile karatasi ya dukani. Ujuzi huo hauna picha inayoweza kuletwa na mteja. Ukitaka kuupata huna budi kukaa karibu na mwenye nao, ukamwiga mkono kwa mkono, ukakosea mbele yake, ukarekebishwa. Basi tuwapeleke vijana kwa wazee hao, wakaige.